"Ndiyo" ya Zabroni

Mama Marguerite, amahoro, amani kwako na kwa wasomaji wa safu yako ya ushauri. Naomba unisikilize kabla hujanihukumu, maana kazi ya kushtaki watu nimeifanya mwenyewe miaka kumi na mmoja, nilikuwa mwendesha mashtaka wa serikali hapa Rumonge, nikasifiwa kwamba sishindwi kesi, na sifa hizo zikanipeleka kwenye baraza la komini, nikawa diwani, na sasa chama kimenisimamisha kugombea ubunge, picha zangu zimebandikwa toka Magara hadi Kigwena, chini yake wameandika "Mtetezi wa haki", na kila nikipita hapo nainamisha kichwa kwa sababu ya mtu mmoja, Zabroni, mkulima aliyerudi kutoka Tanzania, Kirundi chake kidogo, aliyeshtakiwa kuchoma banda la jirani la kukamulia mawese, nami nikamhoji kwa Kiswahili, "Wewe hukuchoma?", akajibu, "Ndiyo", na mimi mtoto wa pwani hii ya ziwa inayosema Kiswahili nilielewa kabisa kwamba anasema hakuchoma, lakini nilikuwa nimechoka, wakubwa wanataka kesi iishe, nikaandika kwa Kifaransa kwamba amekiri, akatia kidole gumba, akafungwa miaka kumi. Sita imepita.

Juzi, mkutanoni Kigwena, mke wake Agneta alisimama. Hakupiga kelele. "Muheshimiwa, murakoze, asante kutufikia. Siku ile muliuliza bwana yangu kama hakuchoma, akasema ndiyo. Sasa sababu gani muliandika alichoma?" Watu wakamzomea, akakalishwa, nami nikaendelea na hotuba. Nikisema ukweli nimejimaliza. Je, nisubiri niingie bungeni, kisha nimsaidie kimyakimya?

Mgombea, Rumonge

Ndugu Mgombea,

Nakuonea huruma, kwa kuwa dhamiri yako bado inauma. Lakini usinichezee akili. Umsaidie kimyakimya mtu uliyemfunga hadharani? Na huko kuchoka kwako kuache. Aliyechoka ni Agneta, anayelima peke yake mwaka wa sita. Wewe utapoteza kiti, na kiti hupatikana tena. Miaka ya Zabroni hairudi.

Kesho asubuhi nenda kwa wakili. Andika taarifa ya ulichofanya, tia sahihi, ipelekwe mahakamani kuomba kesi isikilizwe upya. Waambie chama watafute mtu mwingine. Kisha nenda kwa Agneta, bila gari la chama wala zawadi, umwombe radhi mbele ya wale wale waliomzomea. Huenda nawe ukashtakiwa. Kubali. Njia ya mwongo ni fupi, nawe umefika mwisho wake.

Sasa nakuuliza kama ulivyomuuliza Zabroni: hutanyamaza tena? Jibu "ndiyo", na safari hii iandike kama ilivyosemwa.