Funga Kwanza, Ndipo Ukate

Mama,

Jana nimezikata zile barafu zako za mwisho. Usinune, nisikilize kwanza.

Uliziacha kwenye friji hapa Ilomba: mfuko mmoja mrefu wa nailoni wenye juisi ya ukwaju, umeufunga uzi mara mbili mbili kila penye kugawanyika. Ulisema utakata asubuhi. Asubuhi ile hukuamka. Miezi mitatu nimekuwa nikifungua friji, naziangalia, nafunga. Rehema alikuja kutoka Iringa akakosa pa kuweka hata nyama, akaniambia, "Dada, barafu siyo picha ya ukutani." Nikamnunia mdogo wangu mpaka alipopanda basi.

Kilichonifanya nizikate ni swali la darasani. Nilikuwa nawafundisha kidato cha tatu jinsi seli moja inavyokuwa mbili. Nikachora kiuno kinavyobanwa, nikasema kwa kujiamini, "Kisha zinakatika." Binti mmoja wa kutoka Usangu, kwao wafugaji, akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona hazimwagiki? Mfuko wa maziwa ukiukata si yote yanaenda chini?" Mwalimu wako mzima nikafuta ubao. Nikasema tutaliona kesho.

Nikarudi nyumbani, nikafungua vitabu. Kumbe ni kazi yako, Mama! Kati ya seli mbili hubaki shingo nyembamba. Protini hukusanyika pale, hushikana zikawa kama uzi, uzi ukajizungusha na kubana, mpaka utando unagusana na kujiziba. Ndipo seli zinaachana, na kila moja imeshafungwa. Tofauti ni kwamba uzi wa seli hubana kwa ndani, wako ulikuwa nje. Tena mara nyingi shingo hukatika huku na huku, kikabaki kipande kidogo cha katikati.

Nilicheka peke yangu sebuleni. Nilikumbuka nilivyokata kabla ya kufunga, nina miaka saba, ukwaju wote ukamwagikia kitenge chako cha kwaya. "Funga kwanza, we mtoto! Unakimbilia wapi na mkasi?" Nikasubiri kofi. Ukafunga, ukakata huku na huku, ukanipa kile kipande kidogo kilichobaki kati ya nyuzi mbili nikinyonye. "Cha katikati ni cha mkataji."

Basi jana nilizibeba mpaka shuleni. Kufika kipindi cha tatu zilikuwa zimeyeyuka, na ndivyo nilivyotaka.  Nikakata kati ya nyuzi zako mbili, huku na huku. Halikudondoka hata tone. Yule binti akapiga makofi. Mjuaji mmoja akanyakua mkasi, akakata upande usio na uzi, akalowesha daftari lake la hesabu, na darasa zima likampigia kelele: "Funga kwanza!" Sauti yako ile ile, midomo arobaini.

Kipande cha katikati nilikinyonya mbele yao. Sukari umebania, kama kawaida yako. Machozi yakanitoka, nikawaambia ukwaju mkali.

Friji sasa ni tupu. Nimenunua nailoni mpya Mbalizi, maana watoto wa pale getini, na baridi yote hii na makamasi yao, bado wanaulizia barafu ya Mama. Rehema nimempigia, anakuja Jumamosi. Nakuahidi nitafunga mimi, kwa uzi wako, na mkasi nitampa yeye. Cha katikati ni chake.

Ndaga fijo, Mama. Asante sana. Pumzika.

Mwanao,
Neema