Juma Langu la Chaki

Mujukuu wangu Furaha,

Salamu toka Kisangani. Shangazi yako amezaa mapacha, na nyumba nzima iko na furaha.

Unauliza kama kuwaingiza wanafunzi katika baraza la shule yenu kutasaidia. Bon. Kwetu, chef wa klasi, mwanafunzi mwenzetu, peke yake ndiye aliandika ubaoni majina ya wapiga kelele, na langu halikukosa. Prefe mupya, mukubwa wa shule, akaamuru chaki izunguke, kila juma mutu mwingine. Zamu yangu ilipofika, nikasimama mbele, nikasikia kelele yetu. Kumbe ndiyo sababu sauti ya mwalimu haikufika kule nyuma nilikokaa. Nikaacha kelele, na mwaka ule nikafaulu hesabu.

Jina la kwanza nililoandika ni la babu yako. Amekaa hapa, anasema nilimuonea. Ningekuwa na chaki, ningemuandika tena.

Koko wako