Kuiomba Radhi Kompyuta

Yahui, nimeaibika. Usimwambie mtu!

Asubuhi naiamsha kompyuta ya kiwanda, folda ya lebo za chai iko tupu. Tupu kabisa! Lebo za miaka sita, na mchapaji anazitaka kabla ya saa sita.

Mama bosi Qiu macho yake yakaenda juu ya mashine, kwenye ile pakiti ya vitafunio tunayoiwekea kama sadaka ili itulie, isiharibike. "We Suyin! Nani kaweka ya njano? Ya njano inailaza mashine! Na imepitwa na tarehe!"

Nikatoka mbio kununua ya kijani, ile ya kuifanya mashine itii. Nikaiweka kwa mikono miwili, tukainama wote wanne wa ofisini. Mimi nikaomba na radhi kwa sauti. Radhi, Yahui! Kwa kompyuta!

Nainua kichwa, naona kwenye kisanduku cha kutafutia kuna neno "jasmini". Nililiandika mwenyewe jana, nikaenda zangu. Sisi hata hatuuzi jasmini! Ndiyo maana haikuonyesha kitu.

Nikalifuta kimyakimya. Lebo zote hizo hapo.

"Mnaona!" Mama bosi akapiga makofi. "Suyin ana mkono mzuri!"

Sasa kesho ananipeleka nikaiombee mashine ya kufunga pakiti, na ile imekatika mkanda kweli.