Usiongeze Mrututu

Baba Nargis,

Tangi la kioo usiliguse. Samaki wanne walio hai nimewatenga jikoni kwenye beseni la plastiki. Dawa ya mrututu nimeshawatia, punje tu. Usiongeze, mkono wako mzito. Chakula saa kumi, kidogo.

Nilikuomba yule samaki mpya uliyetoka naye Dar akae peke yake wiki tatu. Ukacheka mbele ya mjumbe wa nyumba kumi: "Hapa Isevya hata samaki wanaishi kijamaa." Ukammwaga humo humo na wenzake. Leo asubuhi wote wamejaa vidoa vyeupe kama waliomwagiwa semolina, na yule wa njano wa Nargis anaelea kiubavu, amekufa. Ukajifanya daktari, ukasema ni baridi, ukakoroga chumvi ya Uvinza kwenye maji ya bomba, eti bahari. Bahari ya kuchemshia mihogo. Nimeimwaga.

Naenda stesheni kupokea madebe mawili ya maji ya bahari yenyewe. Siku ile ile uliyocheka nilimwandikia kaka yangu wa Dar ayatume kwa treni.

Mtoto ulimwambia samaki wake amelala. Akirudi shule ~~nitamweleza mimi~~ mweleze wewe kwamba amekufa, na kwa nini. Asisikie habari ya mjumbe wala ya baridi humo.

Samaki yumo kwenye kopo la biskuti. Shimo nimechimba kando ya mchicha. Mwache Nargis afukie mwenyewe, na akilia usimpe pipi. Kaa naye tu.

Mama Nargis