Breki ya Kushoto

Heru Juu, Kasulu
14 Agosti 2024

Kwa kaka yangu mpendwa Tharsisi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mwakeye hapo Kitahana? Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Esteri na watoto, na kwamba kile kikohozi chako cha vumbi la kiangazi kimekuachia angalau ulale. Sisi huku hatujambo. Mihogo imeanikwa, maharage tumeshayapiga, na paa halivuji kwa kuwa mvua bado. Ukitaka kujua hali yangu mwenyewe, nakula, nalala, naamka. Wanawake wa jumuiya wakija kunitembelea husema nimepata nguvu. Sijui wanaionea wapi. Mimi naona nimekufa ganzi tu, ndiyo maana hawanikuti nikilia.

Jumapili ulinipigia simu ukasema umepata trekta la zamani, la yule bwana shamba anayehamishiwa Dodoma, na kwamba mnamalizana Jumamosi hii. Ukataka nikutajie mambo ya kukagua kabla hujaachia hela yako. Nikakujibu nitaandika, ukacheka, ukauliza siku hizi nani anaandika barua. Kaka, kwenye simu ningefika katikati nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Najijua. Ulisema pia huna fundi wa kwenda naye, maana Ridhiwani wa Kasulu hutaki hata kumsikia. Nitafika huko. Kwanza trekta, kwa sababu ni wewe utakayekalia kile kiti.

Ni kweli mimi ndiye niliyeyajua mambo haya kwa baba. Wewe ulikuwa bweni miaka ile alipoendesha trekta la misheni, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia spana. Kwa hiyo nisikilize, wewe uliyenunua baiskeli kwa sababu ya kengele. Usiangalie rangi. Trekta la miaka arobaini likiwa limepakwa rangi mpya, jiulize wanaficha nini chini yake, kisha lala chini kwenye vumbi utazame tumboni, uone oili inavuja wapi.

Usimwambie mwenye mali saa utakayofika. Najua kwetu ni aibu kumtokea mtu kwake bila taarifa, na aibu hiyo ndiyo iliyotuponza. Mimi na marehemu mume wangu Felisiani tulipokwenda Kagerankanda kwa Mzee Nurudini, tulimpigia simu siku moja kabla, kama watu wenye adabu. Tukakuta wali na kuku, mkeka umetandikwa, tukala, tukaulizana habari za ndugu wote. Tulipotoka nje, Mzee akazungusha ufunguo mara moja, trekta likaitika. Felisiani alicheka kwa furaha kama amepata mtoto. Mimi niliweka kiganja kwenye injini nikakuta ina joto la sufuria iliyoepuliwa muda mfupi. Lilikuwa limewashwa kabla hatujafika. Sisemi mzee alikuwa na hila, labda hakutaka kuwasumbua wageni. Lakini injini iliyochoka ikishapashwa moto huwaka kama mpya. Wewe fika asubuhi, gusa injini hata kabla ya kumaliza salamu. Ukikuta ya moto, kula chakula chao, shukuru, na urudi siku nyingine.

Likishawaka, simama nyuma utazame moshi. Mweusi kidogo unaotoweka, usihofu. Wa bluu, oili inaungua ndani, na kuifungua injini hiyo utauza ng'ombe. Mweupe usiokwisha, maji yanapita yasikotakiwa. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukiona oili ina rangi ya chai ya maziwa, aga uende zako. Namba iliyogongwa kwenye injini ifanane na ya kwenye kadi, usikubali kuambiwa kadi itafuata, maana huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Shika gurudumu la mbele ulitikise. Likicheza, ujue vyuma vyake vimelika. Kisha inua plau juu, zima injini, nenda ukaulize habari za watoto wao. Ukirudi ukakuta plau imeshuka yenyewe, haidroliki inayoinyanyua imechoka. Ya Mzee Nurudini ilishuka taratibu. Felisiani aliliona hilo mwenyewe, akapunguziwa bei, akajiona mjanja siku nzima.

Ulishushe mlimani pia likiwa kwenye gia, usilipime uwanjani tu. Gia ikiruka yenyewe ukiwa kwenye mteremko, hutakuwa na muda wa kuirudisha. Huku kwetu hakuna barabara ya tambarare, hilo hata wewe unalijua.

Breki nimeziacha mwisho kwa makusudi. Trekta la zamani lina pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la kushoto, moja ya gurudumu la kulia, na kuna kichuma kidogo cha kuziunga zikanyagwe pamoja barabarani. Muuzaji atakuonyesha zikiwa zimeungwa, nawe utasikia trekta linasimama. Usiridhike. Kifungue kichuma, tembeza polepole, kanyaga moja moja. Kama ya upande mmoja inashika na ya upande mwingine haishiki, basi siku utakayoshuka na trela lenye mzigo, trekta litageukia upande ule unaoshika, na hutaweza kulizuia kwa usukani.

Kaka, Kagerankanda nilikifungua kile kichuma. Felisiani alikuwa anazungumza bei na Mzee, mimi nikapanda, nikalitembeza hatua chache uani, nikakanyaga. Ya kulia ilishika. Ya kushoto ilikwenda mpaka chini, laini, bila chochote. Nikaunga tena. Felisiani akaniuliza, mbele ya Mzee, binti wa dereva anasemaje kuhusu breki. Nikasema ziko sawa.

Nilisema hivyo kwa sababu tulikwisha kuacha matrekta mawili kwa neno langu, moja hapa Kasulu na moja huko kwenu Kibondo, na nilijua la tatu tukiliacha Felisiani angekata tamaa. Nami nilikuwa nimechoka na jembe la mkono. Ndilo jambo lenyewe, sina jingine la kulipamba. Nilijiambia breki tutatengeneza kabla ya masika, kisha masika yakaja, tukalima ekari nyingi kuliko watu wote wa huku, watu wakatusifu, na mimi nikanyamaza. Nilimwambia tu Felisiani ashuke polepole, na yeye alikuwa mtu wa polepole.

Unakumbuka Ridhiwani alilifungua trekta lile kubadilisha klachi, wiki mbili kabla ya msiba. Alilileta nyumbani jioni, Felisiani hakuwepo. Ridhiwani aliniambia breki ya kushoto imekufa, kwamba yeye hakuigusa kwa sababu vifaa vyake havikuwepo Kasulu na vingeagizwa Kigoma, na kwamba nimwambie Felisiani asifunge trela kabisa mpaka arudi kuitengeneza. Nikamwambia nitasema. Sikusema. Ningemwambiaje Felisiani kwamba breki ni mbovu bila yeye kuniuliza ilikuwaje binti wa dereva asiione? Nilimwogopa kwa swali hilo tu, mtu ambaye hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti. Siku ya kumi na moja alipakia mihogo kwenye trela kupeleka mjini. Nilimfungulia njia mwenyewe, nikamwambia asisahau chumvi. Kwenye mteremko trekta likavuta kulia, likaingia mtaroni, likamlalia.

Msibani Ridhiwani alikuja kama watu wengine. Watu walikuwa wameshasema kwamba aliyefungua trekta ndiye aliyelifunga vibaya, na wewe kaka, kwa uchungu wako, ulisimama ukamwambia mbele ya wote atoke. Alijibu kwamba alitoa taarifa ya breki hapa hapa nyumbani. Ukamuuliza alimpa nani. Alinitazama. Nilikuwa nimeketi mkekani na wenzangu, nikainamisha kichwa. Akavaa viatu vyake akaondoka bila kutaja jina, na baadhi ya watu walimzomea mpaka barabarani. Nawe uliona ukimya ule ndio ushahidi. Mimi niliuona, nikavuta kitenge nikajifunika uso, watu wakadhani ni kilio.

Sasa ni miaka miwili. Hakuna anayempa trekta wala gari. Anaziba pancha za baiskeli karibu na stendi ya Kasulu, fundi yule ambaye baba alisema ana mikono kumshinda yeye. Nimepita mbele ya kibanda chake kila nilipokwenda sokoni, naye hunisalimia. Nimejaribu kuona haya, kujichukia, kulia, na hakuna kinachokuja. Sijui kama hiyo ni adhabu au ni ugonjwa. Nilikuwa nimeamua kuzikwa nalo jambo hili. Lakini Jumapili uliposema unanunua trekta na humtaki Ridhiwani, niliona utakwenda peke yako ukacheke kwa sababu limewaka mara moja, na nikaona naweza kuua mara ya pili kwa kukaa kimya.

Hayo yote niliyaandika juzi. Jana nilikwenda Kasulu, nikaketi kwenye ndoo mbele ya kibanda cha Ridhiwani, nikamsomea tangu salamu mpaka hapo. Alikuwa ameuzamisha mpira wa baiskeli kwenye beseni kutafuta tundu, na hakuutoa majini mpaka nilipomaliza. Nilimuuliza kwa nini siku ile hakunitaja. Alisema aliniona nimeshazimia mara mbili asubuhi ile, akahofu akinitaja watanipiga hapo hapo juu ya maiti. Alidhani nikipata nguvu nitasema mwenyewe. Alisema alingoja mwezi wa kwanza, na wa pili, kisha akaacha kungoja. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Halafu akaniuliza trekta unalotaka kununua ni la mwaka gani, na kama lina pedali mbili.

Jumapili baada ya misa nitawaambia shemeji zangu, na jumuiya, maneno haya haya. Wakisema niondoke kwenye mji wa marehemu, nitaondoka. Sijui kama nitaweza kuja kwako, na sikuombi jibu la hilo leo. Uliponitetea msibani ulikuwa unamtetea mtu ambaye hakuwepo, na hilo limekuwa likiniuma pale ambapo bado panauma.

Nisalimie sana wifi Esteri, mwambie mbegu za maharage alizonipa zimezaa vizuri. Wabusu watoto. Wasalimie na majirani wote hapo Kitahana wanaonikumbuka.

Aliyekukabidhi barua hii, kama kofia aliyovaa imekuzuia kumtambua, ni Ridhiwani. Amekuja na spana zake kukukagulia trekta Jumamosi, na amekataa nauli yangu. Aliniambia atakaa nje mpaka umalize kusoma. Toka umkaribishe ndani, kaka, na umwambie avue viatu.

Ni mimi mdogo wako,
Vestina