Lenzi ya Kiwanjani Chumbani kwa Wanawake

Kisenyi, Kampala
3 Agosti 2024

Kaka Wasim,

Assalaam alaykum. Sisi hapa wazima. Mama magoti yanamsumbua ila anatembea. Huko Dubai joto halijakumaliza?

Kamera imefika. Nilipofungua kasha nilikaa chini kwa hasira. Si nilikuandikia wazi? Bodi ndogo ya kamera isiyolia inapopiga, na lenzi fupi ya milimita 35 inayoingiza mwanga mwingi. Wewe umeniletea dude zito na lenzi ndefu ya kupigia mpira! Harusi zetu mimi napiga upande wa wanawake. Ni chumba kimoja, mikeka, watu thelathini, taa moja, na shungi zimevuliwa. Kwa lenzi hii, nikitaka kumpata bibi harusi mzima, inanibidi nirudi nyuma mpaka uani kwa wanaume. Chumba hicho hujawahi kukiingia, wala hutakiingia. Kwa nini ulichagua bila kuniuliza?

Mdogo wako,
Farhana

Dubai
9 Agosti 2024

Mdogo wangu Farhana,

Wa alaykumu salaam. Mpe mama pole ya magoti. Mimi mzima, kazi tu.

Kweli shukrani ya punda ni mateke. Miaka sita nimepiga picha za mechi uwanja wa Namboole, leo unifundishe lenzi? Hiyo ndiyo kamera ya mpiga picha. Vilenzi vifupi ni vya kupigia keki. Kosa ni la mkono wako. Nitumie picha nikuonyeshe.

Kaka yako,
Wasim

Kisenyi
18 Agosti 2024

Kaka,

Assalaam alaykum. Mama anakusalimu, magoti yale yale.

Jana ilikuwa harusi ya Iman, yule binti wa jirani. Nilisimama kizingitini, shangazi yake, Bi Hindu, amenishikia pazia mgongoni wanaume wasione ndani. Kamera inalia ka! ka! ka! mpaka dua ikakatika. Nakutumia picha tatu. Si halali yako kuziona, ila umenichokoza. Tazama jinsi nilivyobanwa, bibi harusi kakatwa kifuani, kisha futa. Mimi Farhana nimesema, futa.

Mdogo wako

Dubai
20 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Natumai mmeamka salama.

Sasa nani mkweli? Ile ya bibi harusi nimeiweka mtandaoni, kwenye ukurasa wa duka letu la kamera hapa. Kope zake unaweza kuzihesabu! Hata wale wa nyuma wametoka vizuri. Watu mia nne wameipenda, na wengine ni wa huko huko Kampala. Lenzi mbaya haifanyi hivyo.

Kaka yako,
Wasim

Dubai
2 Septemba 2024

Farhana,

Assalaam alaykum. Mbona kimya? Mama naye hapokei simu yangu. Nimeambiwa mambo yameharibika. Picha nimeiondoa. Sikufikiria, wallahi. Nisamehe, mdogo wangu.

Wasim

Kisenyi
6 Septemba 2024

Wasim,

Wa alaykumu salaam. Nakuitikia kwa sababu kuitikia ni wajibu.

Mama yake Iman alikuja na simu mkononi, picha imejaa kioo kizima. Nikampigia magoti mlangoni. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya Kiganda, "Gwe Farhana, sisi tulikuwa tunakuamini wewe tu, nyabo. Sasa wanaume wa taxi park wanaangalia nywele ya mtoto yangu." Kukutumia picha lilikuwa kosa langu, na nimemwambia hivyo. Kuianika ni lako.

Alhamisi kuna nikaha Katwe. Nimealikwa nije kula, kamera niiache nyumbani. Kazi niliyoijenga kwa miaka minane, umeimaliza ili ushinde ubishi wa lenzi! Nina hasira nawe, kaka.

Radhi usiniombe mimi. Wanawake walioonekana katika picha ile ni wanane, na wewe uliona kope tu. Majina na namba zao nakutumia pamoja na barua hii. Utampigia kila mmoja, utajitaja jina, utasikiliza mpaka amalize. Wa kwanza ni mama yake Iman. Anaamka alfajiri.

Farhana