Penseli ya Buluu ya Nyumba Yetu

Nyumbani, mezani kwa Mama,
Ijumaa, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua nilipaswa kukuuliza kwanza habari za goti lako, lakini nikianza na goti nitaishia kwenye goti, na neno hili halitatoka tena. Yale maneno ya gazetini ambayo Mama alikusimulia kwa simu, yaliyochapishwa kwa jina la Baba, hakuyaandika Baba. Niliyaandika mimi. Sijamwambia mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza, na hata wewe nakwambia kwa karatasi, maana kwa mdomo ningeishia kumeza mate tu.

Haya, sasa nimepumua. U hali gani, Shangazi? Zamu za wodini zinakuruhusu kulala? Goti bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na kile chumba chako kipya chenye dirisha moja, jua linaingia saa ngapi? Sisi huku ni wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini anasema ni vumbi la kufagia na hataki mjadala.

Mimi tangu nimalize shule siku zangu zimekuwa ndefu kama shuka lililoanikwa. Nikishaosha vyombo na kufua, nakaa dirishani. Saa nane mchana mtaa unanyamaza kabisa, mapazia ya nyumba ya mbele yanaingia ndani na kutoka nje kama yanavuta pumzi, na mimi naona kama niko ndani ya maji yaliyotulia, nikitazama watu wakipita juu. Wakati mwingine natunga sentensi nzima kichwani na kuipeleka mtaani pole pole, nione itamgusa nani. Usinicheke.

Ulipoondoka utaratibu wa gazeti haukuwepo, kwa hiyo ngoja nikueleze. Kinyozi wa pale chini hununua gazeti la mji kila Jumamosi, nakala moja tu, na nakala hiyo inazunguka. Akimaliza yeye inakwenda kwa fundi viatu, kisha kwa mwalimu mstaafu, kisha inapanda ngazi kuja kwetu. Jumatano inarudi kwa kinyozi na kutundikwa kwenye msumari karibu na kioo, wateja wasome wakisubiri zamu. Kila nyumba ina penseli yake. Kinyozi ana nyekundu, fundi ana kijani, mwalimu anatumia ya kawaida kwa sababu anasema rangi ni mambo ya chekechea, na sisi tuna buluu. Ukiwa na neno, unaliandika pembeni mwa habari. Hufuti la mwenzako, wala huandiki jina. Rangi inatosha.

Mtaa mzima unajua kwamba buluu ni Baba. Lakini Baba akishinda juani akisoma mita za maji za watu, macho yanarudi nyumbani yamechoka na namba. Anasoma vichwa vya habari, kisha gazeti linamlalia usoni. Penseli nikaiokota mimi. Naandika kwa herufi kubwa kama zake. Mara naandika KWELI, mara SI KWELI, mara naacha swali moja dogo. Siwezi kukueleza raha yake, Shangazi. Unasema, na hakuna anayegeuka kukutazama mdomo.

Sasa sikia. Wiki mbili zilizopita gazeti liliandika kwamba halmashauri imeamua kulifunga geti la nyuma la zahanati, na kwamba wakazi wa mtaa wetu wameupokea uamuzi huo kwa shangwe. Chini yake kulikuwa na picha ya watu ukumbini wakipiga makofi. Niliitazama picha hiyo kwa muda mrefu sana. Mstari wa tatu, nyuma ya kofia ya mama mmoja, kuna nusu ya uso wangu. Yalikuwa mahafali yetu. Tulikuwa tunampigia makofi msichana aliyeongoza katika hesabu!

Mimi sisemi gazeti letu ni baya. Nalipenda. Napenda ratiba ya maji, napenda matangazo ya vitu vilivyopotea, hasa yule mzee aliyetangaza mwavuli wake mara nne. Lakini kumwekea mtu furaha mdomoni hali hajaulizwa, hilo liliniuma kweli kweli. Nikachukua buluu, nikaandika pembeni: "Makofi haya yalipigwa siku ya mahafali. Habari ya geti hatukuulizwa. Mwenye mtoto mgonjwa mgongoni atazunguka barabara kubwa yote, na gazeti litasema anashangilia."

Nilidhani yataishia kwenye msumari. Kumbe kinyozi aliyapenda hadi akayanakili kwenye karatasi safi, akaweka chini jina la Baba na kazi yake, akayapeleka mwenyewe kwa mhariri. Alitaka kumpa rafiki yake heshima. Hakumwuliza, kwa sababu hapa petu hakuna anayeuliza buluu ni ya nani.

Jumamosi iliyopita alikiuka utaratibu. Gazeti alilileta kwetu kwanza, akipanda ngazi mbili mbili na taulo la mteja bado begani.

"Msoma mita! Msoma mita wee! Kumbe siku hizi unatusomea na wakubwa?"

Fundi viatu alikuwa nyuma yake, anahema. "Wembe wako uutupe, kinyozi. Huyu peke yake anatosha kunyoa halmashauri nzima."

"Mimi ndiye niliyeyapeleka maneno yake, bwana! Bila mimi mngeyajulia wapi?"

Baba alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alimtazama Mama, Mama akamtazama yeye, na mimi nikaenda jikoni kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Jumatano ikaja barua kutoka kazini kwake. Jumatatu saa tatu afike mbele ya mkuu wake, ajieleze kwa nini mfanyakazi wa halmashauri anaidhalilisha halmashauri gazetini, na kwa nini asichukuliwe hatua. Miaka ishirini na miwili, Shangazi, hajawahi hata kuchelewa. Mama aliisoma barua, akaketi.

"Mume wangu, hukuona pengine pa kuyasemea?"

"Penseli ni ya nyumba hii," Baba akamjibu. "Mengine yaache."

Jioni hiyo Baba alinikuta nikimenya viazi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama yako usimsumbue na maswali wiki hii. Ana mambo moyoni." Hazikupita dakika kumi, Mama naye akaingia. "Baba yako mwache apumue. Kaandika ukweli, na ukweli unamchosha mtu." Nikabaki na kisu mkononi. Baba anadhani aliyeandika ni Mama, naye amejitia mbele kumkinga. Mama anadhani ni Baba, na anamwonea fahari hali anatetemeka. Wote wawili hawajanifikiria mimi hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoanza kulia, na sikujua nalia kwa lipi kati ya hayo.

Jana usiku sikuandika kitu. Leo asubuhi niliandika barua kwa mhariri. Ni fupi. Nimesema aliyeandika ni mimi, nimetaja umri wangu, nimetaja kofia ya yule mama na nusu ya uso wangu, na nimesema Baba yangu alikuwa amelala. Nilipita mbele ya ofisi yao mara tatu. Mlango wao ni wa kioo, na kila nilipopita nilimwona msichana ndani ya kioo akipita naye, mwembamba, ameshika bahasha kama mtu aliyeshika yai. Mara ya nne yule msichana alisimama, nami nikasimama. Sanduku la barua liko chini ya kitasa. Bahasha ilipoanguka ndani ilitoa sauti ndogo sana, nikashangaa kwamba mtaa haukugeuka.

Sijui kama wataichapisha. Vyovyote watakavyofanya, kesho Baba akiketi kitandani kuvaa viatu nitamwambia, na Jumatatu nitakwenda naye. Nimekuwa nikifanya mazoezi dirishani. "Shikamoo, mheshimiwa. Ni mimi." Maneno manne tu. Nikiweza hayo manne, yanayobaki yatafuata yenyewe. Na geti je? Hilo pia nitalisema, kama sauti itakuwa bado haijakauka. Barua hii ikikufikia utakuwa umeshasikia kwa simu jinsi ilivyokwenda, nami hapa niliposhika kalamu sijui. Nakuonea wivu kidogo.

Wasalimie binamu zangu, yule mrefu na yule anayecheka akiwa usingizini. Mwambie mumeo kwamba redio yake tunayo bado, inakamata stesheni moja na inatutosha. Mama anakusalimu, na anasema ule mto wa kuwekea goti utumie, usiuhifadhi kwenye kabati.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili ndilo lililonikalisha mbele ya karatasi tangu mchana. Yote niliyokuandikia yatajulikana kesho. Hili lisijulikane. Jumamosi ile, ngazi zilipojaa vicheko, ningeweza kusema. Kinyozi angerudi kwa mhariri Jumatatu asubuhi, na ile barua ya kazini isingeandikwa. Baba anadhani mwandishi alinyamaza kwa woga, na kesho nikimwambia ataniambia pole kwa woga wangu. Haukuwa woga. Nilikuwa na furaha. Siku tatu nzima nilitembea chumbani nikiyasema maneno yangu yaliyochapishwa, nikaona ni mazuri, na sikutaka mtu aingie. Baba alipokuwa akikunja uso juu ya sahani yake, mimi nilikuwa mbali, naelea.

Nitamwambia kila kitu, ila siku hizo tatu siwezi. Tafadhali Shangazi, nifichie hizo. Hata siku ukija, hata mkicheka pamoja wewe na kaka yako, nifichie.

Mungu akujalie usingizi wa kutosha na akuamshe bila maumivu.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye hata akinyamaza,

Kisauti